Kitovu Kilichohama: Barabara, Bomba na Ramani ya Vijiji vya Kale vya China

Katika kijiji cha Hongcun, mkoani Anhui, mashariki mwa China, maji hupita mlangoni mwa kila nyumba. Mfereji mwembamba wa mawe unachepuka kutoka kijito cha magharibi, unajipinda kati ya kuta nyeupe, unaingia uani mwa huyu na kutokea kwa yule, unapumzika kwenye bwawa lenye umbo la nusu mwezi, kisha unashuka hadi Ziwa la Kusini, lililokamilika mwaka 1607, na kutoka hapo kwenda mashambani. Wenyeji hukisimulia kijiji chao kama ng'ombe aliyelala: kilima cha nyuma ni kichwa, miti miwili mikubwa ni pembe, nyumba ni kiwiliwili, mfereji ni utumbo, bwawa ni tumbo na madaraja ni miguu. Utumbo huo ulikuwa na adabu yake. Alfajiri watu walichota maji ya kunywa, na baadaye ndipo zamu ya nguo na mboga ilipofika. Wa juu akichafua mapema, wa chini anakunywa uchafu wake.

Kijiji cha namna hiyo ukikichora kwenye karatasi, umechora pia mahusiano ya watu: nani yuko juu ya nani mtoni, nani ni ndugu wa nani, nani alitangulia kufika. Ndiyo maana swali la jinsi usasa ulivyobadilisha mpangilio wa vijiji vya kale vya China halijibiki kwa kuhesabu nyumba zilizobomolewa. Nyumba nyingi za kale hazikubomolewa na mtu. Zilibaki zimesimama huku sababu ya kusimama pale ikihama.

Tuanze na jinsi kijiji kilivyopangwa. Kanuni ya zamani ilikuwa mlima mgongoni, maji mbele. Watu huiweka kanuni hii kwenye kapu la fengshui, elimu ya kupanga makazi ili yapate baraka. Lakini ukiyaweka kando mambo ya bahati, unabaki na akili ya mkulima: mlima wa kaskazini unakinga upepo mkali wa majira ya baridi, mlango wa kusini unapokea jua, mteremko unaondoa maji ya mvua, na kijito cha mbele kinamwagilia mpunga. Mahali maji yanapotoka kijijini paliitwa shuikou, mdomo wa maji. Hapo ilipandwa miti isiyoguswa na shoka, likajengwa daraja na kibanda cha kupumzikia, ili neema isitiririke ikaenda na mto. Mgeni alijua amefika kijijini kwa kupita chini ya miti hiyo.

Ndani, kitovu kilikuwa jumba la ukoo, citang, penye vibao vya majina ya mababu. Vijiji vingi vya kusini ni vya ukoo mmoja. Hongcun ni ya akina Wang. Jumba hilo ndilo lilikuwa mahakama, ukumbi wa harusi na misiba, mara nyingine na shule. Matawi ya ukoo yalijenga kulizunguka, na vichochoro vilipita pale kuta zilipoacha nafasi. Anayezijua njia za Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar hatapotea sana humo, ingawa kuta za Anhui ni ndefu zaidi na madirisha yake ni madogo na machache. Wanaume wa eneo hilo walikuwa wafanyabiashara waliokaa miaka mingi mbali na nyumbani, kwa hiyo nyumba zilijifunga kama makasha. Mwanga uliingia kupitia tianjing, "kisima cha anga": ua mdogo wa katikati ulio wazi juu. Paa za pande zote nne ziliinamia humo, na maji ya mvua, yaani mali, yalimwagika ndani, si kwa jirani.

China ni kubwa, na hakuna kijiji kimoja cha kuviwakilisha vyote. Huko Shanzhou, mkoani Henan, watu walichimba mashimo ya mraba yenye kina cha mita sita hivi katika udongo mwepesi wa manjano, wakachonga vyumba katika kuta za shimo. Wao wenyewe husema unaona miti lakini huoni kijiji, unaingia kijijini lakini huoni nyumba. Mkoani Fujian, ukoo mzima uliishi ndani ya jengo moja la duara la udongo, tulou. Jengo la Chengqilou lina duara nne, moja ndani ya nyingine, na jumba la mababu katikati kabisa. Kila familia ilimiliki kipande kuanzia chini hadi juu, kama kipande cha keki: jiko chini, ghala juu yake, vyumba vya kulala juu zaidi. Hapakuwa na upande wa matajiri na upande wa maskini. Sura ni tofauti, ila mantiki ni ileile: kuna kitu cha pamoja katikati, na nyumba zinakitazama.

Sasa, watu wengi hudhani saruji na fedha ndizo zilizovuruga mpangilio huo. Kaiping, mkoani Guangdong, inakanusha. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanaume wa huko walikuwa wametawanyika Marekani, Kanada na Asia ya Kusini-Mashariki wakifanya kazi, na fedha walizotuma nyumbani zilijenga minara ya zege yenye nguzo za Kirumi, matao na vibanda vya ulinzi juu, kwa sababu majambazi walikuwa wengi. Zaidi ya 1,800 bado imesimama. Katika kijiji cha Jinjiangli upo mnara wa Ruishi, ghorofa tisa, uliojengwa miaka ya 1920. Jambo la kutazama ni mahali uliposimama: nyuma ya kijiji. Nyumba za kawaida zimejipanga mbele yake safu kwa safu, vichochoro vimenyooka na bwawa liko mbele, kama wazee walivyotaka. Tajiri aliyerudi na fedha za kigeni alijenga ghorofa tisa, na bado akajenga pale alipotakiwa kujenga. Fedha zilikuwepo, saruji ilikuwepo, ila palikuwa na wa kumwambia mtu: hapa hapana.

Mtu huyo wa kusema hapana ndiye aliyeondoka kwanza.

Sheria ya Mageuzi ya Ardhi ya mwaka 1950 ilichukua ardhi ya wenye nacho, pamoja na ile ya majumba ya koo, na kuigawa kwa wakulima. Majumba ya mababu yakawa maghala ya nafaka, ofisi au madarasa. Nyumba kubwa za matajiri ziligawiwa familia kadhaa: hawa chumba cha mashariki, wale cha magharibi, ukumbi na ua wa wote. Wakati huo ilikuwa haki kwa watu waliokuwa hawana paa. Lakini iliacha fundo ambalo halijafunguka mpaka leo. Nyumba ya wamiliki watano, ambao sasa wana wajukuu waliosambaa katika miji mitano, ni nani atatoa fedha za kubadilisha boriti iliyooza? Nyumba nyingi nzuri za kale huanguka kwa sababu hiyo tu.

Hata hivyo, kati ya miaka ya 1950 na 1970 ramani ya vijiji haikubadilika sana. Mwaka 1958 ulileta komuni, yaani mashamba na kazi za pamoja, na pia kanuni za usajili wa kaya, hukou, zilizomfunga mkulima kijijini kwake. Watu hawakuwa na ruhusa ya kuhama wala fedha za kujenga. Mapinduzi ya Utamaduni, kuanzia 1966, yaliharibu vibao vya mababu na michongo mingi, ila vichochoro vilibaki pale pale. Umaskini ulihifadhi mengi kuliko sheria yoyote iliyokuja baadaye.

Mwishoni mwa 1978, katika kijiji kingine cha mkoa huohuo wa Anhui, Xiaogang, wakulima 18 walitia sahihi kwa siri makubaliano ya kugawana mashamba ya pamoja ili kila kaya ilime kivyake. Siri hiyo ilikuja kuwa sera ya taifa. Mavuno yakaongezeka, kisha viwanda vya pwani vikafunguka, vijana wakaondoka kwenda kufanya kibarua mijini na kuanza kutuma fedha. Na jambo la kwanza la kufanywa na fedha hizo lilikuwa nyumba, kwa sababu bila nyumba mpya kijana hapati mchumba.

Nyumba hiyo ijengwe wapi? Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. Ardhi ya kijiji ni mali ya kijiji kwa pamoja, na kaya hupewa kiwanja cha kujenga, zhaijidi, bila kukinunua. Katikati ya kijiji kiwanja kimebanwa na kuta za majirani, lori la matofali halipiti, na ili ubomoe ya zamani unahitaji ridhaa ya binamu wanne. Pembeni, kando ya barabara mpya ya lami, kuna shamba la mpunga tambarare. Sheria ya ardhi iliyorekebishwa mwaka 1998 inasema kaya moja, kiwanja kimoja. Kwa vitendo, kaya nyingi zilijenga kipya na cha zamani zikakishika. Labda bibi bado anaishi humo, labda ndugu hawajakubaliana, labda siku moja serikali italipa fidia. Na kwa kuwa mtu wa mjini haruhusiwi kununua kiwanja cha kijijini, hakuna soko la kuivuta nyumba ile kutoka kwa asiyeihitaji kwenda kwa anayeitaka.

Matokeo Wachina huyaita kongxincun, kijiji kilichopungukiwa moyo. Kimeumuka kama andazi: nje kimejaa, ndani hewa. Ukipita barabarani unaona safu ya nyumba za ghorofa tatu au nne, vigae vinang'aa upande wa mbele, matofali matupu ubavuni, ghorofa ya juu haijapakwa hata plasta. Ukizama nyuma yake dakika tano kwa miguu unakuta ua zilizoota mianzi, paa zilizobonyea na mzee mmoja au wawili. Nyumba za zamani zilitazamana. Hizi zinatazama magari. Mpangilio uliokuwa duara kulizunguka jumba la mababu umekuwa mstari unaofuata lami.

Bomba la maji lilifanya kazi yake kimya kimya zaidi. Maji yakifika jikoni, hakuna anayelinda kisima. Kisima kisipolindwa, mfereji nao hauzibuliwi, na bwawa la katikati, lililokuwa pia akiba ya kuzimia moto na beseni la kupokea mafuriko, linageuka jalala, kisha linafukiwa na kuwa maegesho. Mvua kubwa inayofuata inaingia majumbani na watu wanashangaa. Sitaki kuufanya ushairi mzigo wa ndoo. Waliochota na kufua kwenye maji baridi ya Januari walikuwa wanawake, na sijui mwanamke gani angerudisha bomba ili mfereji upendeze. Nyumba za Anhui zenyewe ni giza na unyevu, na za tulou hazikuwa na choo ndani. Anayesikitika kwamba vijana wamehama kutoka humo akalale yeye mwezi mmoja.

Halafu kuna hatari ambazo wazee hawakuzijua. Vijiji vya mbao vya mkoa wa Guizhou vilijengwa nyumba ikigusana na nyumba, vikiwa na moto wa jikoni tu wa kuogopwa. Nyaya za umeme zilipoingia katika kuta kavu za mbao, msongamano uleule uliokuwa ujirani ukawa kuni. Kijiji cha Baojing kiliungua Januari 2014, zaidi ya nyumba 100 kwa usiku mmoja. Baada ya matukio kama hayo, kupanua njia na kuacha nafasi kati ya nyumba si uharibifu wa urithi.

Kwa kipimo cha nchi nzima, mwaka 1978 Wachina waishio mijini walikuwa karibu asilimia 18. Mwaka 2011 walivuka nusu kwa mara ya kwanza. Mwaka 2023 walikuwa asilimia 66. Mwandishi Feng Jicai, ambaye kwa miaka mingi amekuwa mtetezi wa vijiji vya kale, ndiye aliyezitangaza takwimu zilizowashtua wengi: vijiji vilivyohesabiwa kuwa milioni 3.63 mwaka 2000 vilikuwa milioni 2.71 mwaka 2010. Vingi havikuangamia kwa kishindo. Viliunganishwa au vilimezwa na mji. Shule nazo zilichangia. Kuanzia 2001 shule ndogo za vijijini zilifungwa na kuunganishwa, na shule ikiondoka mama anaifuata mjini akiwa na mtoto mkononi, hata kama mume hajaamua.

Serikali nayo ina hesabu zake. China imejiwekea mstari ambao ardhi ya kilimo isishuke chini yake: mu bilioni 1.8, yaani takriban hekta milioni 120. Miji inataka ardhi ya kujenga. Dawa iliyopatikana ni kubadilishana: kijiji kikibomolewa na kiwanja chake kikirudishwa kuwa shamba, mji unapata haki ya kujenga juu ya eneo lenye ukubwa huo kwingine. Kwa mantiki hiyo kijiji kilichotawanyika ni ubadhirifu, na ghorofa sita zilizopangwa safu ni akiba. Mashimo ya Henan yamefukiwa mengi kwa sababu iyo hiyo, maana nyumba ya shimo inakula ardhi ambayo ingelimwa. Watu wakahamishiwa kwenye majengo, na lugha ikapata msemo mpya: wakulima kupanda ghorofani.

Ghorofani kuna lifti na choo cha kuvuta maji. Lakini jembe linakaa wapi? Mahindi yanaanikwa wapi? Kuku je? Shamba lililokuwa mlangoni sasa liko mbali kwa pikipiki, na kila mboga inanunuliwa. Mkoa wa Shandong uliposukuma kwa kasi mpango wa kuunganisha vijiji, mwaka 2020 mjadala ulilipuka nchi nzima. Wasomi wa China wenyewe walihoji nyumba kubomolewa kabla ya zile mpya kuwa tayari. Upande wa pili wa mizani kuna Huaxi, mkoani Jiangsu, kijiji kilichotajirika kwa viwanda, kikajenga safu za nyumba zinazofanana kama mapacha, na mwaka 2011 kikafungua mnara wa mita 328. Jina bado ni kijiji.

Kinachonivutia zaidi ni vijiji vilivyozingirwa na miji, chengzhongcun. Mji wa Shenzhen ulipofanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980, mashamba yalichukuliwa ila viwanja vya nyumba vilibaki mikononi mwa wanakijiji. Mkulima asiye na shamba alilima wapangaji. Aliinua nyumba ghorofa sita, saba, nane, juu ya msingi uleule wa kiwanja chake, na jirani naye vivyo hivyo, hadi madirisha yakakaribiana kiasi cha watu kuweza kushikana mikono. Majengo hayo huitwa woshoulou, nyumba za kupeana mikono. Mtu akiona msongamano huo anadhani mpangilio wa kale umekufa. Lakini ukiutazama kutoka angani, katika baadhi ya vijiji hivyo vichochoro ni vilevile vya mababu. Umebadilika urefu wa kuta. Vijiji vingi vilivyopigwa picha na watalii huko milimani havijabaki waaminifu hivyo kwa ramani yao.

Liede, kijiji cha kando ya mto katika mji wa Guangzhou, kilikwenda njia nyingine. Kilianza kubomolewa mwaka 2007, mji ukijiandaa kwa Michezo ya Asia ya 2010, na wanakijiji wakarudi kuishi katika minara ya makazi palepale. Majumba ya koo yalijengwa upya chini ya minara hiyo, na mashua za joka bado zinashindana katika mfereji. Wamepoteza kila kichochoro, wakashikilia jumba la mababu na maji. Kama ingebidi kuchagua vitu viwili tu, nadhani walichagua kwa akili.

Na vile vinavyohifadhiwa? Hongcun na jirani yake Xidi ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mwaka 2012 China ilianzisha orodha ya taifa ya vijiji vya jadi, ikaanza na 646. Kufikia 2023 vilikuwa 8,155. Orodha hiyo imeokoa mengi, kwa kuwa kilichoandikwa ni vigumu kukibomoa usiku. Ila uhifadhi nao hupanga upya. Ukuta uliofungwa ili mke wa mfanyabiashara asionekane sasa umetobolewa na kuwa duka. Lango la tiketi limesimama pale shuikou ilipokuwa ikipokea wageni bure. Wenyeji hupangisha nyumba zao kwa wenye hoteli, wakahamia nyumba mpya nje. Kijiji kinabakiwa na moyo, lakini moyo wa kukodi.

Mbaya zaidi ni kijiji ambacho hakikuwa na sura hiyo kikalazimishwa kuwa nayo. Wachina wana msemo wa kejeli kwa kazi hii: kuvishwa nguo na kofia. Nyumba za zege za miaka ya 1990 hupakwa chokaa nyeupe na kuwekewa ncha za kuta za Anhui, zile zinazoinuka juu ya paa kama kichwa cha farasi. Huko kwao zilikuwa na kazi, zilizuia moto usiruke kutoka paa hadi paa. Juu ya zege, palipo na nafasi ya mita kumi hadi kwa jirani, zinazuia nini?

Mara moja kwa mwaka ramani zote mbili hukutana. Mkesha wa mwaka mpya wa Kichina magari yenye namba za mikoa ya mbali hujipanga kando ya lami, madirisha ya ghorofa za juu huwaka taa zilizokuwa zimezimwa tangu mwaka uliopita, na watoto wanaozungumza kwa lafudhi ya mjini huulizana nywila ya intaneti. Kisha watu hushika udi na fataki, wakashuka kwa miguu kwenye vichochoro vya ndani, huku wazee wakiwaonyesha vijana wapi pa kukanyaga. Katika vijiji kadhaa vya Guangdong na Fujian jumba la ukoo limepata paa jipya kwa michango ya hao waliohama. Hukaa humo saa moja au mbili, wakainama mbele ya majina. Halafu hurudi barabarani, ambako ndiko nyumba ziliko, na chakula kinawasubiri.